Gari, pikipiki au baiskeli? Mwongozo kamili wa kuchagua chombo cha safari fupi za kila siku

Mwongozo huu unahusu safari zisizozidi kilomita nane hivi kwenda: kazini, sokoni, dukani, zahanati, kuwapeleka watoto shule, kumjulia hali ndugu anayekaa mitaa michache kutoka kwako. Safari hizi hatuzifikirii. Mtu anachukua ufunguo, anawasha, anaondoka. Mtu huyo huyo akienda kilomita mia mbili atakagua matairi, atapima oili na kuuliza hali ya barabara. Ile ya kilomita mbili, anayoirudia mwaka mzima, haipi hata dakika moja. Hapo ndipo fedha na muda vinapovuja, na ndipo watu wengi wanapoumia.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na safari, chombo kifuate. Anayeuliza "kipi bora?" bila kusema anakwenda wapi, na nani, amebeba nini, hawezi kupata jibu la maana. Vyombo hivi vitatu ni ndugu wa rika moja. Mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa Uingereza baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka huo huo, Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda chombo chao cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli, na Karl Benz akaunda gari lake la magurudumu matatu ambalo alilipatia hataza mwaka 1886. Zaidi ya miaka 130 imepita na hakuna kilichomfukuza mwenzake barabarani, kwa sababu kila kimoja kina kazi ambayo kingine hakiiwezi vizuri.

Hatua ya 1: Ziandike safari zako za wiki moja

Kwa siku saba, andika kwenye daftari au simu kila safari fupi unayofanya. Andika umbali, mzigo, watu uliokuwa nao, saa ya kwenda na kurudi, na mahali ulipoacha chombo. Umbali usiukisie. Kilomita mbili za foleni huhisiwa kama sita, na ukikisia utaiondoa baiskeli kwenye hesabu kabla hujaipa nafasi. Soma kilomita kwenye dashibodi au pima kwa ramani ya simu.

Wiki ikiisha, panga safari hizo kwa umbali. Zile zisizofika kilomita moja ni za miguu. Mtu mzima mwenye afya huimaliza kilomita kwa dakika 12 hivi, na kwa umbali huo kutafuta ufunguo na kutoa gari nje kunakula nusu ya muda. Kuanzia kilomita moja hadi tano ni himaya ya baiskeli, kama njia inaruhusu. Kati ya tano na nane vyombo vyote vitatu vinashindana, na hapo ndipo hatua zinazofuata zinapohitajika zaidi. Zikizidi nane, kwa mtu wa kawaida injini au mota huanza kuwa na haki.

Utaona jambo jingine pia: mzigo mzito na abiria wengi hutokea katika safari chache tu za wiki. Watu wengi hununua chombo kwa ajili ya siku hizo chache, halafu hukiendesha kitupu siku zote zilizobaki.

Hatua ya 2: Pima muda kutoka mlango hadi mlango

Spidi ya juu ya chombo haina uzito katika safari fupi. Kinachohesabika ni muda tangu unapofunga mlango wa nyumbani hadi unapoingia unakokwenda. Ndani yake mna kufungua geti, kuwasha injini, foleni, kutafuta maegesho, kufunga kufuli na kutembea kutoka ulipoegesha.

Tuchukue kilomita tatu. Baiskeli kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mwendo usiomtoa mtu jasho jingi kwenye tambarare, inatumia dakika 12. Pikipiki yenye wastani wa kilomita 30 kwa saa inatumia dakika sita. Gari ambalo foleni imelishusha hadi wastani wa kilomita 20 kwa saa linatumia dakika tisa. Sasa ongeza ya pembeni: dakika moja au mbili za kufuli kwa baiskeli, kuvaa helmeti na glovu kwa pikipiki, kutoa gari, kuzunguka ukitafuta nafasi, kisha kurudi kwa miguu hadi mlangoni. Mara nyingi gari ndilo linalofika mwisho, na tofauti kati ya pikipiki na baiskeli inabaki kuwa dakika chache ambazo haziharibu siku ya mtu.

Rudia hesabu hiyo kwa kilomita nane na picha inageuka. Baiskeli inahitaji dakika 32, pikipiki 16. Kwenda na kurudi, tofauti imefika zaidi ya nusu saa kwa siku, na hiyo ni sababu halali ya kuchagua injini. Usiamini hesabu yangu wala ya mtu mwingine. Barabara yako ina matuta yake na foleni yake. Pima mwenyewe, saa ile ile unayosafiri, maana barabara ya saa nne asubuhi na ya saa moja asubuhi si barabara moja.

Hatua ya 3: Elewa injini inavyoteseka na safari fupi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo gharama isiyoonekana na ndiyo inayowashangaza wenye magari wakifika kwa fundi.

Injini imeundwa kufanya kazi ikiwa moto. Ikiwashwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, hivyo injini hupewa mafuta mengi zaidi ya yanayohitajika ili isizime. Sehemu ya mafuta hayo haiungui, na kidogo huteremka ukutani mwa silinda na kuingia kwenye oili. Kuungua kwa petroli pia huzalisha maji. Injini ikiwa moto, maji hayo hutoka kama mvuke kwenye eksozi. Ikiwa baridi, hugeuka matone ndani ya injini na ndani ya bomba. Safari ya dakika tano haitoshi kuyakausha. Oili huchanganyika na maji, hupoteza nguvu ya kulainisha, na eksozi huoza kutoka ndani. Ukifungua kifuniko cha kumiminia oili ukakuta utando mweupe kama krimu, mara nyingi ni ishara ya safari fupi kupita kiasi. Lakini kama maji ya rejeta nayo yanapungua, usifikirie mara mbili, mwone fundi: huenda gasketi ya silinda hedi imeachia.

Kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye eksozi nacho huanza kazi kikishafika nyuzi joto kama 250 hadi 300 za Selsiasi. Dakika za mwanzo, kabla hakijafika huko, ndizo gari linapotoa hewa chafu zaidi. Kwa safari ya kilomita moja na nusu, karibu safari nzima ni hizo dakika za mwanzo. Gari la dizeli lenye chujio la masizi lina tabu zaidi, kwani masizi hayo huchomwa kwenye joto kubwa, nyuzi 600 hivi, na kazi hiyo huhitaji mwendo usiokatika kwa dakika kadhaa. Gari la dizeli la kisasa linaloishi kwenye safari za kilomita mbili tu litaziba chujio, na kulibadilisha chujio hilo si jambo la mfuko mwepesi. Kama safari zako ndizo hizo, usinunue dizeli.

Halafu kuna betri. Starta huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na altaneta inahitaji muda kuurudisha. Ukiwasha mara sita kwa siku, kila mara kwa dakika nne, huku taa, feni na redio vinafanya kazi, betri haijai kamwe. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika usiku husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji, na betri ya risasi ikizoea kukaa nusu hufa mapema.

Kwa hiyo, kama itakulazimu kutumia gari kwa safari fupi, fanya haya. Unganisha safari: soko, duka la dawa na shule viwe mzunguko mmoja, injini ikae moto tangu mwanzo hadi mwisho, badala ya kurudi nyumbani baada ya kila kituo. Usiliache gari limesimama dakika kumi likiunguruma eti lipate moto. Injini isiyobeba kazi hupata joto polepole sana. Washa, subiri kidogo oili ipande, ondoka kwa upole bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Walau mara moja kwa wiki liendeshe nusu saa bila kusimama. Na badilisha oili kwa miezi iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, hata kama kilomita hazijatimia. Vitabu vingi vya magari huziweka safari fupi kwenye fungu la matumizi magumu, lenye muda mfupi zaidi wa kubadilisha oili.

Pikipiki ndogo hupata moto haraka kwa kuwa injini yake ni ndogo, lakini haijasamehewa kabisa. Oili yake ni kidogo, lita moja au zaidi kidogo kwa nyingi zenye injini ya 125cc (ujazo wa sentimita za ujazo 125), na oili hiyo hiyo mara nyingi hulainisha gia na klachi. Ikichafuka, vyote vinaumia pamoja. Baiskeli haina habari na lolote kati ya haya.

Hatua ya 4: Tazama mzigo na watu

Mgonjwa, mzee asiyejiweza, mama aliyekaribia kujifungua na mtoto mchanga ni wa gari. Hapo hakuna mjadala, hata kama safari ni ya mita mia tano. Mwenye gari asijisikie vibaya kulitumia kwa kazi hiyo.

Mzigo wa kawaida ni habari nyingine. Keria nyingi za nyuma za baiskeli zimeundwa kubeba hadi kilo 25. Uzito huo huandikwa kwenye keria yenyewe au kwenye karatasi iliyokuja nayo. Kilo 25 ni manunuzi ya siku kadhaa ya familia ndogo. Siri iko kwenye kuupanga: mzigo uwe chini, uwe nyuma, ugawanywe sawa kushoto na kulia, na ufungwe kwa mpira usioachia. Mfuko wa plastiki unaoning'inia kwenye usukani ni hatari ya kweli. Huyumba, huingia kwenye spoki za mbele, na gurudumu la mbele likikwama ghafla dereva hurushwa mbele ya usukani.

Pikipiki ya kawaida imeundwa kwa watu wawili. Mtu wa tatu hubadilisha kila kitu: uzito unahamia nyuma, gurudumu la mbele linapoteza mshiko, usukani unakuwa mwepesi na umbali wa kusimama unaongezeka. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio vya abiria hawezi kujishikilia, na kumweka mbele kwenye tangi kunamfanya yeye awe wa kwanza kugonga. Vitu virefu, kama mabomba, mbao na fimbo za pazia, usivifunge kwa upana kwenye chombo cha magurudumu mawili. Vibebe kwa gari, au mlipe mwenye mkokoteni.

Hatua ya 5: Ipime njia kabla ya kukipima chombo

Hatua hii ndiyo ninayoijali kuliko zote, na ningependa isirukwe hata kama mengine yote yatarukwa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Wa pikipiki na baiskeli hawana bati linalowazunguka, hawana mkanda, hawana mfuko wa hewa. Hilo kila mtu analijua. Linalosahaulika ni kazi ya spidi. Nguvu ya kishindo haiongezeki sawasawa na spidi, inaongezeka kwa mraba wake. Mtu anayekwenda kilomita 60 kwa saa kwenye pikipiki amebeba mwilini mwake nguvu ya kishindo mara tisa ya ile aliyonayo akiwa kwenye baiskeli kwa kilomita 20, na ngozi yake ni ile ile. Ndiyo sababu nasema pikipiki ndicho chombo kinachohitaji uangalifu zaidi kati ya vitatu: ina spidi ya gari na kinga ya baiskeli.

Ongeza kwenye hilo muda wa akili kushtuka. Ukiwa kilomita 50 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakula karibu mita 14 kabla hujagusa breki. Kwa kilomita 30 inakula mita nane. Mtoto anayekimbilia mpira barabarani mita 12 mbele yako ana nafasi ya kupona katika hali ya pili. Katika ya kwanza utamfikia kabla breki hazijaanza kushika.

Sasa itembee njia yako, kwa miguu ikiwezekana, na ujiulize haya. Magari yanakwenda kwa kasi gani? Kuna malori na mabasi? Pembeni mwa lami kuna nafasi ya kutosha, au lami inaishia kwenye mtaro? Taa za barabarani zipo? Makutano ni mangapi, na madereva wanaokata kona wanakuona? Kama barabara ina magari yanayozidi kilomita 60 kwa saa, malori mengi, na haina nafasi pembeni, siishauri baiskeli hapo. Lakini kabla hujaiacha, tafuta njia ya ndani. Njia ya baiskeli si lazima iwe ile ya gari. Uchochoro, barabara ya vumbi inayopita nyuma ya shule, daraja la waenda kwa miguu: njia ndefu kwa mita 600 lakini tulivu ni njia bora.

Kwa aliyeamua kupanda magurudumu mawili, mambo machache huokoa maisha kweli. Helmeti ya pikipiki, iliyofungwa mkanda kidevuni, hupunguza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hayo ni matokeo ya tathmini ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, iliyokusanya tafiti nyingi pamoja. Helmeti iliyolegea huchomoka kichwani kabla ya kishindo, na helmeti iliyokwisha kuanguka ajalini haifai tena hata kama haina ufa unaoonekana. Abiria naye avae yake. Safari ya dakika nne haina helmeti nyepesi kuliko ya saa nne.

Mwenye pikipiki ajifunze breki ya mbele. Wapo wengi wanaoiogopa na kutegemea ya nyuma pekee, ilhali chombo kinapopunguza mwendo uzito huhamia mbele na breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Tafuta uwanja mtupu, vidole viwili kwenye breki ya mbele, bana taratibu huku ukiongeza nguvu, usinyakue. Rudia hadi mkono uzoee, kwa sababu siku ya hatari mkono utafanya ulichozoea na hautakusubiri ufikirie.

Mwenye baiskeli akae umbali wa mlango mmoja kutoka magari yaliyoegeshwa. Mlango unaofunguliwa ghafla huangusha wengi. Asisimame kamwe ubavuni mwa lori kwenye makutano. Dereva wa lori ana maeneo makubwa asiyoyaona kwenye vioo, na lori likikata kona magurudumu yake ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele. Subiri nyuma yake. Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na kitu kinachong'aa kwenye vifundo vya miguu, kwa kuwa mguu unaopanda na kushuka hutambulika haraka kuliko fulana.

Na mwenye gari? Mkanda, hata kwa mita mia tano, na kwa walioketi nyuma pia. Kisha kumbuka kwamba wewe ndiye mwenye tani nzima ya chuma mtaani.

Hatua ya 6: Fanya hesabu ya gharama kwa haki

Gawanya karatasi mara mbili. Upande mmoja andika gharama zinazokuja hata chombo kikilala: bima, kodi au vibali, maegesho ya mwezi, na kushuka thamani. Upande wa pili andika zinazokuja kikitembea: mafuta, oili, matairi, breki, mnyororo, fundi.

Hapa watu hukosea kwa namna mbili zinazopingana. Asiye na chombo hulinganisha mafuta peke yake na kusahau upande wa kwanza, ambao kwa gari ndio mara nyingi mzito zaidi. Mwenye gari tayari hufanya kinyume: hudhani baiskeli itamwokolea gharama zote za gari, kumbe bima atalipa vilevile. Kwake swali ni dogo na sahihi zaidi: safari hizi zikihamia kwenye baiskeli, ni kiasi gani cha upande wa pili kitapungua? Na je, nyumba yenye magari mawili inaweza kubaki na moja? Hilo la mwisho ndilo lenye fedha za kweli.

Mafuta tunaweza kuyahesabu. Pikipiki ya 125cc hutumia lita mbili hadi mbili na nusu kwa kilomita 100. Gari dogo la petroli hutumia lita sita au saba barabara ikiwa wazi, na kwa safari fupi za injini baridi ni rahisi kufika lita kumi. Kazini kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, siku 250 kwa mwaka, ni kilomita 1,500. Gari lingekula lita 150, pikipiki lita 35 hivi. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za kaboni dioksidi, hivyo gari hilo limetoa karibu kilo 345 kwa safari ambazo mtu angezimaliza kwa dakika 12 za kupiga pedeli. Zidisha lita hizo kwa bei ya mahali ulipo upate jibu lako.

Usisahau kuweka kwenye hesabu ya baiskeli au pikipiki siku chache za kukodi teksi, za mvua kubwa, mzigo au mgonjwa. Ukiziweka, utaona kwamba kukodi mara chache kwa mwezi bado ni nafuu kuliko kumiliki gari linalongoja siku hizo.

Hatua ya 7: Mwili, mvua na jasho

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 15 za baiskeli kwenda na 15 kurudi, siku tano, ni dakika 150 kamili bila kutafuta muda wa ziada. Mwenye maradhi ya moyo, maumivu makali ya magoti au mimba azungumze na daktari kwanza.

Jasho linatibika: ondoka dakika tano mapema, tumia gia nyepesi, mzigo uwe kwenye keria na si mgongoni. Mvua inahitaji madigadi mbele na nyuma, koti la mvua, na breki zibanwe mapema kuliko kawaida, hasa breki za kubana rimu, ambazo zikilowa huchelewa kushika. Mstari wa rangi barabarani, chuma cha mfuniko wa mtaro na oili iliyomwagika huteleza kama sabuni mvua inapoanza. Vivuke chombo kikiwa kimenyooka. Kama njia yako ina mlima mrefu, au una kilomita tisa na hutaki petroli, angalia baiskeli ya umeme. Unapiga pedeli na mota inasaidia. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria hukata msaada huo spidi ikifika kilomita 25 kwa saa.

Hatua ya 8: Utaiacha wapi?

Nafasi inayohitajika kuegesha gari moja huweza kuchukua baiskeli kama kumi, kwa hiyo nafasi si shida ya baiskeli. Shida ni wizi. Kufuli ya chuma kigumu ipite kwenye fremu na gurudumu la nyuma, ishikwe na kitu kisichong'oleka. Pikipiki ifungwe usukani, iongezewe mnyororo, na iachwe penye watu. Kama unakokwenda hakuna mahali salama kabisa, hilo peke yake linatosha kubadilisha uamuzi.

Hatua ya 9: Amua, safari kwa safari

Rudi kwenye orodha ya wiki na uipitishe kila safari kwenye maswali haya, kwa mpangilio huu. Je, kuna mtu asiyeweza kupanda magurudumu mawili, au mzigo usiofungika? Gari. Je, njia inakubali baiskeli, hata kwa kuzunguka kidogo? Kama ndiyo na umbali haufiki kilomita tano, baiskeli. Kama njia haikubali baiskeli, usikimbilie pikipiki papo hapo. Jiulize kama unaimudu njia hiyo kwa pikipiki, kwa sababu barabara iliyo hatari kwa baiskeli mara nyingi ni hatari kwa pikipiki pia. Pikipiki inabaki na nafasi yake nzuri: kilomita tano hadi kumi na zaidi, mtu mmoja au wawili, foleni nzito, dereva aliyefunzwa na mwenye leseni.

Mfano: mwalimu anayekaa kilomita nne kutoka shuleni, njia ya ndani ipo, anabeba madaftari. Baiskeli yenye keria, na teksi siku za mvua kubwa. Fundi umeme anayetembelea wateja sita kwa siku, kila mmoja kilomita saba kutoka kwa mwingine, na sanduku la zana la kilo kumi: pikipiki, zana zikiwa kwenye boksi la nyuma. Nyumba yenye watoto watatu wadogo na bibi anayekwenda kliniki: gari libaki, lakini baba au mama anayekwenda peke yake dukani achukue baiskeli.

Hatua ya 10: Jaribu kwa wiki mbili kabla ya kununua

Azima au kodi. Siku ya kwanza iwe ya mapumziko, uijue njia bila haraka. Rekebisha kiti cha baiskeli: keti, weka kisigino kwenye pedeli iliyoko chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake goti litabaki limekunjika kidogo tu. Kiti kilicho chini mno ndicho huwafanya wengi waseme baiskeli inachosha na inaumiza magoti. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, maana tairi laini hula nguvu na hualika pancha. Kwa pikipiki, kagua mlegeo wa mnyororo kulingana na kitabu chake, taa zote, indiketa, breki mbili na upepo kabla ya kutoka.

Kama majaribio yakikushawishi na gari likaanza kulala siku nyingi, lisiachwe tu. Liendeshe nusu saa kila wiki au mbili ili betri ijae na diski za breki zisishike kutu, kagua upepo wa matairi kila mwezi, na likikaa muda mrefu baada ya mvua liache kwenye gia huku ukizuia magurudumu kwa kabari, kwani breki ya mkono iliyovutwa wiki nyingi huweza kung'ang'ania.